Namba Mia Moja na Kumi na Saba

Wamekifunga kadi mguuni kwa uzi, kama maiti:
"Kiti cha mikono, mkangazi, kazi ya Kiingereza,
nakshi za majani, miguu ya makucha ya simba.
Mkono wa kulia umelika. Paundi mia tano hadi mia saba."

Umelika. Wangeniuliza mimi aliyeula.
Kidole gumba cha Bi Prosser, kila alasiri,
kikisugua jani lile lile, akingoja chai
na kuilaumu mvua ya Leominster
kana kwamba nilikuja nayo kwenye begi.

Miaka minne nimekipangusa kwa nta na soksi kuukuu,
nikipenyeza kijiti katika kila kunjo la jani.
Nimekipigia magoti nikimvisha viatu.
Usiku ule kilipoyumba naye yumo ndani
nilikitegemeza kwa bega, mguu wa tano.
Kukikalia, hata siku moja.
Hakunikataza.
Kuna makatazo hayasemwi, yanasikika.

Leo ukumbi wa mnada uko wazi, ruhusa kutazama na kugusa.
Bwana mmoja amekipindua, anakimulika tochi tumboni,
anatafuta uongo kwenye viungo vyake.
Ameondoka. Mimi nimekaa.

Kumbe kigumu hivi!
Mgongo wake unakusukuma mbele kama mwalimu wa hesabu.
Na mimi miaka yote nilidhani ule ni ukali wa bibi.

Mkono ukateleza pembeni mwa mto,
penye ufa, na huko chini kukachakarika:
karatasi za peremende, tisa, kumi, kumi na moja,
zimekunjwakunjwa kama hirizi.

Ah, Bi Prosser. Sukari ilipopanda
nesi alinitazama mimi.
Binti yako, kwa simu kutoka Leeds,
aliniuliza taratibu, neno moja moja, kama mtoto,
nakulisha nini.
Nawe ulikaa papa hapa, juu ya ushahidi,
ukitazama dirishani, umenyooka kama askofu.

Nimecheka hadi mpagazi akasogea.
"Unakitaka, mama?"
Nikamwambia nakipima tu.

Karatasi kumi nimezitia mfukoni.
Moja nimeirudisha ndani kabisa, ufani.
Atakayekinunua
naye asumbuke kidogo.