Siri Yangu Haivuji

Harufu ilitangulia, kama mgeni asiyebisha hodi:
ya viatu vilivyolala na mvua,
ya mkate uliosahauliwa sandukuni.
Nilifungua buti kule Tudor, mlangoni pa Bi Mwanakhamisi,
mteja wangu wa kila Alhamisi,
nikatoa doti ya juu, nyekundu kwa nyeusi,
na ukungu umeichapa upya, madoa ya kijivu
juu ya jina lake lenyewe:
SIRI YANGU HAIVUJI.
Bi Mwanakhamisi alicheka mpaka akaketi.
Mimi sikucheka. Doti kumi na moja, mwenzangu.

Mferejini mwetu Mikindani maji yana wiki tatu hayajatoka.
Twanunua mtungi kwa mkokoteni, shilingi arubaini,
twaoga kwa kopo, tena kwa hesabu.
Na huku garini, chini ya spea,
pana kisima.
Nilichota vikombe tisa.
Katika cha tisa mlikuwa na kiluwiluwi wa mbu,
yu hai, acheza.

Fundi wa Magongo alilipiga buti kofi, akasema elfu nane
kabla hajalitazama.
Nikamwambia ahsante, nikarudi nyumbani na gazeti la jana.

Nililikata vipande. Nikafungia buti juu yake,
kimoja baada ya kimoja, kuuzunguka mdomo wote,
nikavuta. Kila mahali palibana, karatasi ikachanika.
Mpira mzima, basi. Nimeusingizia.
Nikakung'uta poda ya mtoto sakafuni na pembeni.
Famau, mtoto wa dada, akauliza
kama gari laenda arusini.

Kisha nikaingia.
Mtu mzima, na goti lisilokunjika,
nikajikunja kama pweza ndooni,
tochi menoni. Funga, nikamwambia.
Mwaga polepole. Anza chini, upande kidogo kidogo.
Ukiharakisha patalowa pote, tusijue penye kosa.

Nikasikia maji ya shilingi arubaini yakitembea juu ya bati.
Nikasikia jirani: "Shangazi yako yuko wapi?"
Na Famau, bila hila: "Yumo butini."
Kimya.
Kopo la tano. La sita.
La saba, nyuma ya taa ya kushoto,
poda ikachorwa mstari mwembamba
kama shavu la bi arusi aliyeanza kulia mapema.
Nikapiga bati ngumi. Hapo! Hapo hapo!

Tulifungua nati nne. Taa ikatoka.
Nyuma yake bati limekunjamana,
limenyooshwa kwa nyundo ya haraka,
limepakwa rangi isiyo yake,
na gasketi hakuna. Pamezibwa kwa sabuni ya kipande, ya bluu,
imeyeyuka nusu,
na kwenye nusu iliyobaki, alama ya kidole gumba.
Gumba pana, lina mkato katikati, wa kisu cha madafu.
Nalijua.

Shee aliniapia, Mungu amrehemu,
gari hili halijaguswa hata na tawi.
Usiku mmoja alichelewa, akasema foleni ya feri.
Chakula kilipoa, nikanuna siku mbili,
naye akakubali kununiwa.
Methali yasema ziba ufa. Haikusema uzibe kwa nini.

Nikasugua kutu kwa msasa mpaka chuma kikang'aa.
Nikakata gasketi mpya kwenye tyubu ya baiskeli,
nikaizungushia silikoni, tukaiacha usiku kucha.
Sabuni nimeiweka kwenye kisahani, juu ya kabati. Haiogewi.
Doti ile nayo, nimeifua kwa ndimu na chumvi,
na siiuzi.

Asubuhi nikaingia tena butini. Funga. Mwaga.
Famau akamaliza mtungi mzima, hata tone la mswaki hakubakisha,
kisha akagonga:
"Shangazi! Kumekauka huko?"
Tochi nilikuwa nimeizima.
Bado, nikamwambia. Ningojee kidogo.

Poda ilikuwa kavu, nyeupe, haina hata mstari.