Inasawazisha

Laptopu niliiuza Kondele mwezi wa Februari,
kwa Shikuku, fundi mwenye ukucha mmoja mrefu wa kufungulia skrubu.
Elfu tisa na mia tano. Chaja ilikuwa imeshikwa na gundi.
"Umefuta kila kitu, mzee?" Nikamwambia nimefuta.
Nilifuta picha. Nilifuta barua za Ofisi ya Ardhi.
Mlango wa mbele nikautia komeo,
wa uani nikausahau wazi.

Jumanne, saa saba usiku, Migosi hakuna umeme,
nilishika simu nitazame saa
nikakuta kichupo ambacho sikukifungua:
"Maswali ya mtihani wa uuguzi: figo, karatasi ya pili."
Nikadhani ni kidole changu. Kidole cha uzee hukosea.
Kesho yake vilikuwa vinne:
nauli ya Luanda hadi Kisumu,
sukari ya mama ikipanda asubuhi,
viatu vyeupe vya mtumba, saizi thelathini na nane,
na figo tena. Figo, figo.

Simu ikaandika chini, kwa herufi za adabu: "Inasawazisha."
Neno hilo nilikuwa nalijua uwanjani tu,
bao la dakika za majeruhi, watu wakirukiana shingoni.
Sasa hapa nani amefungwa, na nani anasawazisha?

Ningetoka siku hiyohiyo. Sikutoka.
Nitajitetea vipi? Mtu aliyestaafu
usiku wake ni mrefu kama foleni ya hatimiliki.
Nilianza kumsubiri. Akichelewa kufungua figo
naiuliza dari: mama yake vipi?
Siku aliyoalamisha uji wa wimbi usiotiwa sukari
nilifurahi kama niliyepewa bakuli.

Ilinichukua wiki tatu
kutambua kwamba daraja lina ncha mbili.
Kwamba vyangu navyo vilikuwa vikivuka:
dawa ya kibofu,
bei ya mbuzi, Ahero,
na kile nilichokifungua mwaka juzi nisikisome,
"Namna ya kumwomba mwanao msamaha."
Nilivuta shuka usoni. Peke yangu, chumba kitupu.

Asubuhi moja nikakuta alamisho zangu zimepangwa.
Mia tatu na kumi na mbili, zilizokuwa zimerundikana
kama mafaili ya ploti zisizo na wenyewe,
mtu amezikalia usiku kucha akazitia kwenye folda:
Afya. Mifugo. Redio. Sijui.
Na folda moja yenye ukurasa mmoja tu ndani:
"Hii usiifunge. Isome."
Pembeni, kichupo kipya kimeachwa wazi kwa upole,
kama mtu anayekohoa mlangoni kabla ya kupiga hodi:
"Jinsi ya kuondoka kwenye akaunti ukiwa mbali na kifaa."

Nilianza na ule wa folda. Wote, hadi chini.
Kisha nikampigia Owiti, Nakuru. Hakupokea.
Nikapiga tena Jumapili. Tuliongea habari za mvua,
dakika nne.
Mvua inatosha kuanzia.

Kabla ya kutoka nilimwachia kitu:
tangazo la basari ya wauguzi, mwisho wa maombi Ijumaa.
Sikuongeza neno. Nikangoja na chai ikapoa.
Saa sita na robo kikatoweka.
Amekisoma au amekifunga tu, sitajua.

Ndipo nikabonyeza. Simu ikauliza, "Una uhakika?"
Swali la Shikuku lilelile, safari hii bila ukucha.
Ikaandika: "Kifaa kimoja."

Usiku huu nimezitafuta figo mwenyewe.
Kumbe ni mbili, kila moja upande wake wa mgongo,
zinachuja damu moja hadi alfajiri
bila kuonana.