Waya wa Manjano

Usiku wa kwanza nililaumu stima.
Wa pili nikalaumu joto, nikanunua feni.
Wa tatu Sista Midecha akanipigia, saa nane na dakika kumi na mbili:
"Imezima tena. Kuna mzazi kitandani anatoka damu,
kundi lake silijui,
kompyuta inazungusha kiduara tu."
Nikapanda pikipiki na ndala miguuni.

Hazikuwa na ugonjwa. Hilo ndilo lililonikera.
Seva tatu nyuma ya famasi, chumba kisicho na dirisha,
tumboni mwao mashine pepe kumi na moja:
maabara, malipo, wodi ya wazazi, mochari.
Kila nukta zinaulizana.
Upo?
Nipo.
Neno jepesi kuliko punje ya wimbi.
Na ile isiyowasikia wenzake hujihukumu yenyewe:
huenda nimetengwa,
huenda mimi ndiye niliyekufa na sijui,
afadhali nijizime kabla sijaharibu cha watu.
Ikajizima. Ikaamka ikiwa haikumbuki mgonjwa hata mmoja.
Uaminifu wa ajabu huo.
Ninaowajua wenye nao hawajazi benchi.

Saa nane usiku ndiyo saa ya nakala rudufu.
Niliipanga mwenyewe, nikajipongeza kwa soda.
Picha zote za eksirei, mbavu za Kakamega nzima,
hutoka kwa pamoja kwenda ghalani
kwa waya ule ule mmoja.

Aliyepita barabara ya Mumias msimu wa miwa anajua:
trekta moja, matela mawili, la nyuma likiyumba,
miwa ikiburura lami,
na nyuma yake pikipiki imebeba karatasi moja,
haipiti kulia, haipiti kushoto,
inakula vumbi hadi Shibuli.
Karatasi imeandikwa neno moja.

Sikuliona hilo usiku ule, nikiwa nimeinama na tochi mdomoni.
Nililiona asubuhi, langoni,
mama yangu aliposimama na gambuti zake kutoka Shinyalu,
mkononi shuka jeupe
na elfu mbili za kukodi gari la kunirudisha nyumbani.

Ni desturi yetu ya miaka. Saa tatu usiku
hunifleshi mara moja, nami namrudishia mara moja.
Hatulipi, hatusemi.
Jana alifleshi mara saba.
Simu yangu ilikuwa na bosi, na muuza seva wa Nairobi,
na kamati ya harusi ya Shikuku, jumbe mia mbili kuhusu hema.
"Nilihesabu," alisema. "Ya saba nikatafuta gambuti,
nikaketi nazo mguuni hadi kukapambazuka."
Nikacheka. Yeye hakucheka.
Alilikunja lile shuka polepole, pembe kwa pembe,
akaomba chai.

Adhuhuri nikampelekea mhasibu ombi:
swichi ndogo ya milango mitano, kebo tatu za manjano.
"Waya si upo?" akasema Bwana Amugune. "Mwingine wa nini?"
Wa kupitishia neno dogo.
"Kubwa kiasi gani?"
Karibu sifuri.
Akanitazama kama mtu aliyeombwa
barabara ya lami kwa ajili ya siafu.
Alitia sahihi Alhamisi, kwa kuchoka kuniona mlangoni.

Ijumaa usiku niliketi sakafuni, mgongo ukutani.
Saa nane matrekta yakaingia barabarani,
taa za kijani zikakonyeza kama zimerukwa na akili,
feni zikanguruma.
Kando, penye manjano, kitaa kimoja kikipumua.
Upo? Nipo.
Nane na kumi na mbili.
Nane na kumi na tatu.
Nilisinzia hapo hapo, kichwa juu ya boksi la swichi.

Jumatatu nilinunua kabambe kuukuu sokoni, laini mpya,
namba moja tu ndani yake.
Haina muziki. Tochi yake imekufa.
Sista Midecha aliniomba namba hiyo, kwa ajili ya dharura, alisema.
Nikamnyima.