Mbebaji

Usiku wa kwanza aligonga ndoo.
Nikamwambia: Deizi, umelewa?
Usiku wa pili aligonga nguzo ya geti,
geti alilolilinda miaka minne pale Shangani,
na hapo sikusema kitu.
Nilimmulika usoni.
Macho yakawaka kijani, mapana, mazuri,
kama chupa mbili zilizooshwa zikasahauliwa juani.

Mchana aliona. Ndicho kilichonichanganya.
Mchana alidaka mfupa hewani,
alimtambua mleta gesi tangu yuko kona ya mbali.
Jua likizama tu, ua wake mwenyewe
ukawa ugenini.

Bosi alisema ni mtoto wa jicho.
Daktari Somoe akaja kwa pikipiki toka Naliendele,
akachutama vumbini, akamshika taya,
akachungulia ndani kwa kitochi, kimya, muda mrefu.
"Si mtoto wa jicho," akasema.
"Ni jicho la mama yake. Na la baba yake."

Akasugua kijiti cha pamba ndani ya shavu,
mara kumi na tano, nilihesabu,
akakitia kwenye bahasha.
Bahasha ikapanda basi la alfajiri hadi Dar,
toka Dar ikapanda ndege.
Mate ya Deizi yamefika nisikofika mimi.

Ana cheti cha nasaba, huyu. Kina muhuri.
Mababu vizazi vitano, majina ya Kizungu marefu kama treni,
na nikisoma vizuri, jina moja limerudi mara tatu:
babu huku, babu kule, babu tena.
"Walitaka kichwa kilekile, rangi ileile," alisema Somoe,
"wakafunga mlango. Ugonjwa ulikuwa umeshaingia."
Mimi nikifika kwa babu Nampota kamba inakatika.
Na kwetu Wamakonde ukoo ni wa mama,
baba ni mgeni anayeheshimiwa.
Damu haijui mila hiyo.
Inachukua nakala moja huku, nakala moja kule,
na zikikutana mbili mbovu
giza linaanzia pembeni, polepole, linakuja katikati.

Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, wanasema.
Nilimlea kwa maini na dagaa.
Sikumlea awe kipofu.

Majibu yalikuja wiki ya sita, kwenye simu ya Somoe.
Deizi, mgonjwa.
Dume aliyempanda, safi.
Basi wale watoto wanne tuliokwisha kuwauza
ni wabebaji, wote.
Wataona mpaka uzeeni. Ila wamebeba.

Mbebaji. Neno hilo nalijua.
Misimu saba nilibeba korosho bandarini,
gunia shingoni, sijui linakwenda kwa nani,
sikuwahi kumwona hata mmoja aliyezila.
Ndivyo walivyo. Mzigo hauwaumi.
Unamsubiri mtu mwingine.

Bosi akasema: "Si wanaona? Nyamaza basi.
Laki tano kila mmoja, nani atarudisha?"
Hakuna wa kurudisha, bosi. Ni kusema tu.

Nimewapigia watatu. Mmoja alinikatia.
Wa nne yuko Lindi, Mitwero, mwenye duka la saruji.
Simu ikapokewa na binti yake.
Nikajieleza: Bonosi, yule wa mbwa.
"Wetu anaona," akasema haraka.
Najua anaona.
"Sasa ana ubaya gani?"
Hana ubaya. Amebeba kitu.
Asizae na mwingine aliyebeba. Mwambie baba aandike.
Akanyamaza. Kisha nikamsikia akimwita,
na kucha zikakimbia juu ya sakafu,
zikaja moja kwa moja, hazikugonga chochote.

Huku ni saa moja kasoro, taa za geti zimewaka.
Deizi anainuka, ananusa, anaanza zamu.
Ndoo iko palepale ilipokuwa juzi.
Nimemkataza kila mtu kuisogeza.