Nambari za Dobi

Thierry Collignon alitaka tai mlangoni,
nembo ya askari wa miamvuli,
ile ambayo watoto wa Vielsalm huikimbilia
kila Desemba malori ya kale yakipita mtaani.
Alinimiminia kahawa, akanionyesha picha.
Solange, akasema, umeandika mabango ya waokaji
miaka thelathini na mmoja.
Tai atakushinda nini?

Nikasema, kwanza msasa.

Sipaki juu ya nisichokijua.
Nilisugua mlango kwa maji, kwa duara, polepole.
Juu kulikuwa na bluu ya muuza makaa,
jina lake limekatika katikati.
Chini ya bluu, nyekundu ya zimamoto,
nyekundu ya kujigamba, imejaa malengelenge.
Chini yake kijani cha jeshi letu wenyewe,
kijani cha amani na uvivu.
Halafu, saa tisa alasiri, taa nimeiinamisha,
ikatokea ile rangi ya zeituni iliyochoka,
na juu ya zeituni, weupe.

Weupe mdogo. Ncha ya nyota.
Nikazima redio.

Anayeijua kazi hii atakuambia
nyota za kweli hazikunyooka.
Zilipigwa kwa kiolezo cha kadibodi
na kijana wa miaka kumi na tisa, vidole vimekufa ganzi,
sajini anamhimiza mgongoni;
na palipopita vishikizo vya kiolezo pakabaki mapengo
kwa sababu hakuna aliyemwambia ayazibe.
Siku hizi nyota zinauzwa za plastiki,
unabandua, unabandika, kingo kali kama wembe.
Zinapendeza. Hazina baridi ndani yake.

Kufikia jioni bampa lilikuwa limesema yote.
Nilinakili herufi kwa penseli kwenye karatasi ya kuokea,
Thierry akaenda nayo kwenye orodha zake,
akarudi uso umemshuka.
"Kampuni ya dobi," alisema.

Si tai. Si miamvuli.
Lori hili lilibeba soksi.
Lilibeba mashuka ya hospitali, blanketi zenye chawa,
sabuni kwa magunia,
suruali elfu mbili zisizo na wenyewe.

Tulinyamaza. Theluji iliteleza kutoka paa la ghala
ikaanguka, pu.

"Nani atajua?" akauliza.

Njia ya mwongo ni fupi, husemwa;
lakini akipewa lori, mwongo hufika mbali.
Sikumjibu. Nilimshika mkono,
nikaweka dole gumba lake kwenye mguu wa tarakimu ya saba,
pale rangi ilipochuruzika siku ile
na mtu akaifuta upesi kabla haijakauka.
Mistari ya kidole chake bado ipo.
Thierry aliinama kama anayenusa,
akakaa hivyo muda mrefu,
kofia yake ikaanguka, hakuiokota.

Wiki iliyofuata nilichanganya nyeupe,
nikaiua makali kwa tone la njano na masizi ya jiko.
Kiolezo nilikikata kwenye sanduku la viatu.
Sikubandika utepe, sikupima.
Tatu ikainama kama ilivyokuwa imeinama.
Mapengo nikayaacha wazi.
Ile saba sikuigusa. Nilipaka kuizunguka,
brashi ikisita unywele mmoja kabla,
unavyompita mtu aliyelala sakafuni.

Desemba, watoto walimkimbilia tai wa jirani.
Letu lilipita la kumi na mbili, likikohoa.
Mwanamke mmoja mwenye mfuko wa viazi
alisoma bampa kwa sauti, herufi moja moja,
akauliza, hawa walikuwa akina nani?

Na Thierry, ameshika usukani kwa mikono miwili,
akajibu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika:
"Waliofua."