Kilichopoa Polepole

Nyemo amerudi likizo na nyundo ya chuo,
yenye ncha upande mmoja kama mdomo wa hondohondo,
na kioo kidogo cha kukuzia, kakining'iniza shingoni
pale nilipomvika msalaba siku ya kipaimara.
Nyundo yangu mimi ni ya soko la Majengo,
mpini wa mkole, wa tatu tangu masika.
Ananiomba kokoto moja. Moja tu.
Ninauza kwa ndoo, namwambia, lakini chukua.

Anailamba.
Mwanangu, mwaka wa pili chuo kikuu,
analamba jiwe mbele ya dereva wa lori!
"Likilowa, mama, rangi zinajitokeza."
Kisha anasoma, jicho kaligandisha kwenye kioo:
hii ya waridi ni felspa,
hii kama barafu chafu ni kwatsi,
hivi vinavyometameta ni ulanga.
Ulanga naujua. Jioni naunawa miguuni
na asubuhi shuka bado linameta kama la bi harusi.

Anasema hapa tulipokaa hapakuwa hapa.
Palikuwa na uji wa mawe, chini, chini sana,
uji uliokosa njia ya kutokea,
ukafunikwa, ukapoa
kwa muda ambao hata neno "zamani" linauonea haya.
Na kwa kuwa ulipoa polepole, kila chembe ilipata nafasi
ya kutafuta mwenzake, kujipanga, kunenepa,
ndiyo maana unaziona kwa macho matupu.
Ungetapikwa juu, ukapigwa na upepo,
chembe zisingewahi hata kusalimiana:
lingetoka jiwe jeusi, laini usoni, au kioo kabisa.
Kama ugali wa uwele ulioachwa na mfuniko? nikauliza.
Akacheka. "Umekaribia, mama. Siyo hasa."

Yeye anayagawa: ya kina, ya juu, ya katikati;
yenye silika nyingi meupeupe, yenye chuma meusi.
Mimi nayagawa hivi: linalolia nge na linalolia bu.
La nge hupasuka kwa mapigo mawili.
La bu limeshaoza ndani, mwenye lori atalikataa.
Na lile la mshipa...

"Mshipa upi?" Ameshasimama.

Nikampeleka nyuma ya kibanda cha Sechelela,
pale jiwe jeusi lilipokata katikati ya jiwe la waridi,
upana wa mkeka, limenyooka
hadi linapozama chini ya shamba la zabibu.
Miaka kumi na tisa hapa Ntyuka nimelikwepa. Linavunja mipini.
Nyemo akapiga magoti, kidole kikafuata ukingo.
"Huyu alikuja baadaye. Jiwe la kwanza lilishapoa,
likapata ufa, yeye akapanda humo angali moto,
akashikwa na baridi ya kuta. Tazama pembeni."
Nikatazama kwa kioo chake. Kweli.
Pembeni kama unga, katikati kama chenga.

Akauliza, mnalivunjaje jiwe kubwa?
Sikutaka kumwonyesha; moshi wa tairi hautoki kwenye nguo.
Lakini ada ya muhula wa pili
iko pale, ndani ya lile bamba.
Tukakoka. Magogo, matairi mawili ya bajaji, usiku kucha.
Alfajiri jiwe lilikuwa limevimba, linanong'ona.
Nikalimwagia maji, madumu manne kwa mkupuo,
na nyufa zikakimbia, pa! pa!
kutoka miguuni pangu hadi alipokuwa amesimama.

Hakusema kitu.
Kashika daftari, haandiki.
"Miaka bilioni mbili na zaidi," alisema mwishowe,
kama anayemwombea mtu msamaha.

Ndoo thelathini, nikasema. Labda na tano.
Shika ule upande.