Chotara wa Mabela

Siku ya kwanza sikuliendesha.
Nilikaa ndani tu, geti limefungwa,
nikisoma kitabu chake kwa miwani ya karibu,
kurasa mia tano na ushei kwa Kiarabu,
hakuna hata moja inayosema pa kuweka chupa ya chai.

Mkwe wangu, Bi Ghaniya, akaja na fimbo yake,
akalizunguka mara moja, akagonga tairi.
"Linakula nini?"
Nikamwambia: petroli na umeme, vyote viwili.
Akafikiri. "Basi chotara," akasema, "kama sisi,"
akarudi jikoni kutazama maharage.

Suleyyim, Mungu amrehemu, alikuwa akisema
gari jipya ni bibi harusi:
mahari umeshatoa, bado vyombo.

Kwa hiyo Jumamosi, Wadi Kabir.
Kijana wa Chittagong akanibandikia tinti
kwa maji ya sabuni na kadi kuukuu ya benki,
akiapa kwamba jua la Juni litabisha hodi lirudi.
Mazulia ya mpira yenye kingo, kwa ajili ya mchanga.
Kitambaa cha dashibodi, isipasuke.
Pazia la fedha la kioo cha mbele,
ambalo mpaka leo sijui kulikunja.
Nikafunua sakafu ya buti kutafuta tairi la spea:
hakuna. Kuna betri, na kichupa cha gundi.
Gundi!
Miaka thelathini nimeolewa na mtu
aliyebeba spea mbili hata kwenda msikitini.
Nikaongeza pampu ya upepo, tochi, na kamba ya kuvutia.

Biju akaja na drili kufunga soketi
ukutani pale alipokuwa akifungwa mbuzi wa Idi.
Pete ya chuma bado ipo; waya tumeutundika hapo,
mweusi, umejikunja, mnene kama mkono wa mtoto.
Akauliza nina viyoyozi vingapi,
akapiga hesabu kiganjani kwa kalamu,
akasema nichaji usiku, nyumba ikilala.

Plastiki ya viti ndiyo iliyotugombanisha.
Mimi naivua, Bi Ghaniya anairudisha.
"Kipya kinyemi, kingawa kidonda," anasema,
"kiache basi kiwe kipya kidogo."
Tukapatana: kiti chake kibaki nayo.
Kila akikaa kinapiga kelele kama mfuko wa sokoni,
naye anatazama mbele, hana habari.
Kisha akaleta chetezo, akafunga milango yote minne
na udi ndani, makaa mawili.
Jirani akapiga simu: gari lenu jipya linaungua!
"Linafukizwa," nikamwambia.

Asubuhi ya kulitoa nikabonyeza kitufe.
Kimya.
Nikabonyeza tena; kumbe nimelizima.
Miaka yote ile gari la Suleyyim ndilo lililotuamsha:
kikohozi, kikohozi, kisha mngurumo,
dakika tano kamili akilipasha moto,
moshi ukiingia dirisha la jikoni,
mimi nikimsema kwa sauti ambayo hawezi kuisikia.
Hili linatoka getini kama paka aliyeiba.
Hakuna aliyejua kwamba nimeondoka.

Hivyo hivyo mpaka Baushar, kimya kimya,
na mkate wa kumimina wa dada yangu Thuwaiba
umekaa kwenye zulia jipya, umefunikwa kawa.
Kisha mlima wa Amerat. Barabara ikasimama wima.
Kwenye kona ya pili,
mbele ya magoti yangu, kitu kikakohoa,
kikakohoa tena,
kikanguruma.

Nikazima redio.
Nikazima kiyoyozi, na joto lile.
Nikapanda polepole,
kadiri honi za nyuma zilivyoniruhusu.